Nikikuachia, Utafanya Nini? Xena Mbele ya Mdai Wake

Umeme ulikatika Xena akiwa ndiyo kwanza ameuliza.

Tulikuwa watoto saba kwenye mkeka, sebuleni kwa jirani, Tanga. Kiingilio chetu kilikuwa ndoo mbili za maji kila mmoja, na tulitekea kwa ndoo za mwenye nyumba. Kwenye kioo Callisto amefungwa, nywele zake za rangi ya mkonge zimemwagika usoni. Xena kamkaribia, anamwuliza kwa sauti ya chini: nikikuachia, utafanya nini? Televisheni ikalia pwi. Kinukta cheupe kikabaki katikati ya kioo kama sekunde moja, kisha giza, na mama mwenye nyumba akasema kila mtu arudi kwao. Miaka ikapita, mtoto wa shangazi yangu bado anashikilia kwamba Xena alimwachia, na mimi nashikilia kwamba stelingi hawezi kumwachia adui, haijapata kutokea. Nilipoipata episodi nzima ukubwani niligundua kumbe tulikuwa tunabishania dogo. Kubwa lilikuwa kwenye jibu ambalo umeme ulitunyima.

Niweke kisa mezani kwanza, kwa ajili ya waliozaliwa baada ya zama za deki.

Xena: Warrior Princess ni tamthilia ya Kimarekani iliyopigwa picha New Zealand, misimu 6, episodi 134, kuanzia Septemba 1995 hadi Juni 2001. Dunia yake ni Ugiriki ya kale ya kufikirika, ambamo miungu inakatiza barabarani na zimwi linaweza kukutwa kisimani kama mtu yeyote aliyefuata maji. Xena anachezwa na Lucy Lawless, mzaliwa wa Auckland. Mtaani tulimjua kwa ule ukelele wake wa vitani, ndugu wa vigelegele vya harusini, na kwa lile duara la chuma linalogonga kuta tatu na kurudi mkononi mwake kama njiwa wa kufugwa. Kinachosahaulika ni kwamba Xena hakuja duniani akiwa shujaa. Aliingia kama adui, mwaka 1995, katika episodi tatu za tamthilia ya Hercules: mbabe wa vita mwenye jeshi lake, mwanamke ambaye vijiji vikisikia jina lake vinafunga milango. Jeshi lile likamgeuka kwa sababu alimwokoa mtoto mchanga. Kuanzia hapo akaanza kubadilika, akapewa tamthilia yake mwenyewe.

Kwa hiyo hadithi yake inaanza pale ambapo hadithi nyingi zinaishia. Mwovu ametubu. Haya, sasa nini?

Episodi iitwayo "Callisto" ni ya 22 katika msimu wa 1. Iliandikwa na R. J. Stewart, ikaongozwa na T. J. Scott, ikarushwa Mei 1996. Kabla yake Xena alikuwa ameshakutana na watu wengi wanaomchukia, lakini walikuwa watu wa kupita: wanapiga kelele, wanatema mate, mwishowe wanashuhudia wema wake na kulainika. Huyu hakulainika.

Vijiji vinavamiwa na kundi la wapiganaji, na mwanamke anayewaongoza anajitangaza kwa jina la Xena. Habari inasambaa kwamba Xena amerudia yake ya kale, na watu wanaisadiki papo hapo. Angesingiziwa Gabrielle, yule binti wa kijijini anayefuatana na Xena na kusimulia hadithi, nani angeamini? Uongo wa Callisto una mtaji, na mtaji wenyewe aliuweka Xena kwa mkono wake, kijiji baada ya kijiji, miaka kadhaa nyuma. Jina baya ni akiba ambayo mtu mwingine yeyote anaweza kwenda kuitoa.

Hatimaye wawili hawa wanaonana ana kwa ana. Hudson Leick anamcheza Callisto kwa tabasamu na sauti laini, kama anayembembeleza mtoto alale, halafu katikati ya maneno macho yanabadilika na unajikuta umesogea nyuma kwenye kiti chako. Jina Callisto kwa Kigiriki lina maana ya mzuri kupita wote. Anatokea kijiji kiitwacho Cirra.

Xena hamwulizi Cirra ni wapi. Anaijua. Anamweleza Gabrielle, na kiini cha maelezo yake ni kwamba jeshi lake lilikivamia kijiji kile, moto ukawashinda, wanawake na watoto wengi wakafia humo; haikuwa nia yake iwe vile. Familia ya Callisto ilikuwa miongoni mwa waliofia humo. Yeye, mtoto, akabaki.

Sisi wenye Kiswahili tunaijua vizuri sarufi ya maelezo ya namna hii. Gari lilimgonga. Fedha zilipotea. Moto ulizuka. Kitenzi kipo, tendo lipo, mtenda katoroka kwenye sentensi. Sisemi Xena anadanganya. Namwamini kwamba hakuagiza watoto wachomwe. Lakini mtu anayekwenda kuvamia kijiji na jeshi hawezi kuuachia moto lawama yote. Tamthilia, nadhani kwa makusudi, inamwacha aseme hivyo na haimkatizi. Anayemkatiza ni Callisto, kwa kuwa hai tu.

Kisa hiki nilimsimulia bibi yangu alasiri moja, anachambua mchele ukumbini. Bibi amesomesha watoto chuoni, chuo cha Kurani, tangu baba yangu hajazaliwa. Mambo ya televisheni hayamhusu ndewe wala sikio. Akasikiliza mpaka mwisho, ungo haujasimama, kisha akauliza:

"Huyo aliyechomewa kwao, kaombwa radhi?"

Nikasema, bibi, Xena ameshatubia. Ameacha ujambazi, anazunguka dunia nzima kuwasaidia wanyonge.

"Sikukuuliza hayo, mjukuu wangu. Hao wanyonge ndio aliowachomea?"

Hapo ndipo nilipoanza kukielewa kisa. Kila aliyepita chuoni anazijua sharti za toba, namna Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alivyozipanga: uiache dhambi, uijutie, uazimie kutoirudia. Sharti tatu, kama kosa ni baina yako na Mola wako. Likiwa limegusa haki ya mtu, inaongezeka ya nne: umrudishie chake au akusamehe yeye mwenyewe. Haki ya mja haihamishiki. Huwezi kumwibia Juma ukamlipa Ali, halafu ukasema hesabu imekaa sawa kwa sababu Ali naye ni maskini.

Xena ana tatu zile, tena kwa ukamilifu. Ameacha, anajuta mpaka anakosa usingizi, na Ares, mungu wa vita, akimjaribu arudi yeye anakataa. Msimu mzima umekwenda akiwalipa kina Ali wa kila bonde la Ugiriki. Kisha Cirra inakuja na jina lake halisi, inadai.

Sasa turudi pale umeme ulipokatika. Callisto kakamatwa, kafungwa. Xena anamwuliza swali lile, na Callisto anajibu wala hapepesi: ukiniachia, maisha yangu yote nitayatoa kuua kila unachokipenda. Anavitaja kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayetumwa sokoni: marafiki zako, ndugu zako, heshima yako, hata farasi wako. Hata farasi! Pale kwenye farasi kuna karibu kichekesho, na ndicho kinachotia baridi, maana unaona amekaa na orodha hii muda mrefu kiasi kwamba ameshafika kwenye mifugo. Kisha anaeleza kwa nini anasema kweli yote mbele ya mtu aliyeshika maisha yake: kuhurumiwa na Xena ni kubaya kwake kuliko kufa. Na anammalizia kwa kumwambia kwamba ameumba zimwi, ila zimwi lisilosema uongo.

Angeweza kudanganya. Mfungwa yeyote mwenye akili timamu angesema niachie, nitakwenda zangu mbali, hutanisikia tena. Pengine kamba zingelegea. Callisto anakataa uongo ule mdogo kwa sababu anaujua uzito wake. Kukubali kuachiwa ni kutia sahihi stakabadhi. Tumemalizana. Cirra imelipwa, bei yake ni kamba iliyofunguliwa. Anachagua abaki amefungwa akiwa anadai, kuliko awe huru akiwa amelipwa kitu kisichofika hata robo. Nimeitazama sehemu hii labda mara kumi, na kila mara naishia kumheshimu muuaji, jambo ambalo silipendi.

Na Xena je, swali lake lilikuwa la namna gani? Wengine wanaliona kama mtego, amchokoze aone ndani mwake. Mimi naona alikuwa anapima kweli. Ni swali la mdaiwa aliyechoka, anayetafuta njia yoyote ya kutoka. Lakini tazama alikuwa anataka kulipa kwa kitu gani. Callisto kwa wakati ule ana damu ya vijiji vingine mikononi, vijiji ambavyo havijawahi kumkosea lolote. Kumwachia kungekuwa kulipa deni la Cirra kwa fedha za wale marehemu wapya. Mzigo wao ungemwagwa ili dhamiri ya Xena ipate pa kulala. Haki yao nayo ni haki ya waja, na haikuwa mali ya Xena kuigawa. Kwa hiyo mtoto wa shangazi yangu alikosea, lakini kosa lake lilikuwa la kibinadamu sana; ndilo Xena mwenyewe alikuwa ukingoni mwa kulitenda.

Wanakijiji walioumizwa hawana swali. Wanataka kummaliza pale pale. Anayeishi miji yetu anaijua ile hali ya watu kukusanyika baada ya mtu mmoja kupiga kelele ya mwizi: hakuna tena mtu mmoja mmoja, kuna mkono mmoja mrefu wenye mawe. Xena anasimama katikati. Anasema Callisto ahukumiwe, asikilizwe, adhabu itolewe kwa utaratibu.

Ni msimamo mzuri, na episodi inautegemea utuoneshe jinsi Xena alivyobadilika. Ila ukikaa nao, unauma upande mwingine. Kesi ya Callisto itasikilizwa. Kesi ya Cirra ilisikilizwa lini? Baraza gani liliketi, nani alisimama akataja majina ya waliofia kwenye moto ule, Xena aliulizwa nini na akajibu nini? Hakuna. Mtuhumiwa wa kijiji kimoja ndiye anayesimamia utaratibu wa haki wa kijiji kingine, na hakuna mtu kwenye umati anayenyoosha mkono kuuliza. Ukilitazama hivi, hata ule unyama wa Callisto wa kuua kwa jina la Xena unaanza kusomeka: ni shauri lililofunguliwa na mtu asiyeonyeshwa mahakama ilipo. Analifungua kwa damu ya watu wasiohusika, na hapo ndipo anapopoteza haki yake ya kunung'unika. Lakini shauri lenyewe lilikuwepo kabla yake.

Wagiriki wenyewe waliliwaza jambo hili mapema sana. Mwaka 458 KK, Athens, Aeschylus alionyesha jukwaani kisa cha Orestes, aliyemuua mama yake kulipiza kifo cha baba yake, akawa anafukuzwa na roho za kisasi. Athena anaunda baraza la raia, kura zinafungana, Orestes anaachiliwa. Kinachonivutia ni kinachofuata, ambacho watu hukisahau: zile roho zinakasirika, na Athena hazifukuzi. Anakaa nazo, anazibembeleza kwa maneno marefu, mpaka zinakubali kupewa makao na heshima chini ya mji ule. Mdai hakuondoka mikono mitupu. Waandishi wa Xena walichota kwenye kisima hicho hicho cha Kigiriki, wakapata baraza, wakasahau sehemu ya kumpa mdai makao.

Kuna usiku mmoja ndani ya episodi, Xena na Gabrielle wako pembeni ya moto. Gabrielle anamtaka Xena amwahidi kwamba yeye Gabrielle akipatwa na jambo, Xena hatageuka zimwi. Mzunguko wa chuki, anasema, hukatwa kwa upendo na msamaha tu. Xena anamwambia asije akabadilika, abaki hivyo hivyo. Ni dakika ya kupendeza na wapenzi wa tamthilia wanaikariri. Mimi nilimsikiliza Gabrielle kama unavyomsikiliza kijana ambaye hajawahi kukopwa akikufundisha namna ya kusamehe madeni. Maneno ni ya kweli. Ila adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na Gabrielle wakati ule hakuwa maiti wala mfiwa. Renee O'Connor, anayemcheza Gabrielle, anayasema bila kutia chumvi, na hilo linamwokoa.

Vichekesho vya Joxer nitavipita haraka. Ted Raimi, anayemcheza, anaingia kwenye tamthilia kwa mara ya kwanza hapa, mpiganaji wa bati anayetaka kuajiriwa na Callisto, na Gabrielle anamchapa kama mtoto. Wako wanaompenda. Katika episodi hii anafanana na mtu anayechekesha matangani.

Mwisho ni pambano la kwenye ngazi, Callisto akiwa huru tena na Gabrielle akiwa mateka, na hapo hata mimi naacha uchambuzi nakuwa yule mtoto wa kwenye mkeka. Ngazi za mbao, wanawake wawili juu, ngazi zinayumba, zinaegemeana, zinabadilishana watu. Hakuna aliye juu kwa zaidi ya pumzi mbili. Sidhani kama T. J. Scott alikuwa anatafuta fumbo. Alitaka pambano ambalo hakuna aliyewahi kuliona kwenye televisheni, akalipata. Xena anashinda, hamuui, Callisto anaishia kifungoni.

Ukiitazama peke yake unaweza kusema basi, haki imetendeka. Kosa ni kuitazama peke yake. Episodi inayofuata, ya 23, "Death Mask", inamrudisha Xena kwa mtu aitwaye Cortese. Huyu ndiye mbabe aliyevamia Amphipolis, kijiji cha Xena, wakati Xena bado msichana. Katika vita ile alikufa Lyceus, mdogo wake aliyempenda kuliko wote. Xena alichukua silaha kulinda kwao, na kuanzia silaha ile hadi jeshi, na kuanzia jeshi hadi Cirra, hakukuwa na kituo.

Sijui kama waandishi walizipanga hizi mbili makusudi zifuatane, lakini zikisomwa pamoja zinatisha. Kwenye ya 22 Xena ni Cortese. Kwenye ya 23 Xena ni Callisto. Episodi moja anatazamwa na macho ya mtoto aliyechomewa kwao, inayofuata macho hayo ni yake. Kaka yake Toris anataka Cortese auawe, na Xena anasimamia neno lile lile: ashikwe, ahukumiwe. Anastahili pongezi, maana hapa aliyeumizwa ni yeye na anajua anachokisamehe na asichokisamehe. Lakini hesabu sasa imekamilika na pengo linaonekana kutoka mbali. Cortese aliyemtengeneza Xena amepata hukumu. Callisto aliyetengenezwa na Xena amepata hukumu. Mtu wa katikati amerukwa.

Deni lisilofunguliwa faili linazaa. Msimu wa 2, katika "Return of Callisto", anatoroka gerezani na kumuua Perdicus, aliyekuwa ndiyo kwanza amefunga ndoa na Gabrielle. Hajamgusa Xena, anafuata orodha yake ile, aliyoitaja akiwa amefungwa, na hakuna anayeweza kusema hakuonywa. Gabrielle, yule wa upendo na msamaha, anamwomba Xena amfundishe upanga. Anakwenda usiku mpaka kwa Callisto aliyelala, upanga mkononi, na anashindwa. Sasa ndiyo msamaha wake, au kushindwa kwake, au vyovyote utakavyouita, una thamani, kwa sababu ana cha kusamehe. Na Xena? Callisto anazama kwenye mchanga didimizi, anamwita amsaidie, na Xena anabaki kumtazama mpaka mchanga unafunga. Yule aliyesimama mbele ya umati na kutaka utaratibu ufuatwe, safari hii hakuwa na umati wa kumwona. Nimemlaumu miaka, nimemwelewa miaka, sijafika mwisho.

Itachukua mpaka msimu wa 4 ndipo Xena akalishwe kizimbani, katika "Locked Up and Tied Down". Anashtakiwa kwa mauaji ya mwanamke aitwaye Thalassa, kosa la zama zake za ubabe. Hajitetei. Anakiri, anapewa kifungo cha maisha, anapelekwa kwenye gereza la kisiwani. Huko anakuta msimamizi wa gereza ni Thalassa mwenyewe, hai, mwili umeharibika, kwa sababu alichofanyiwa ni kufungwa ufukweni aliwe na kaa. Bibi yangu angeipenda hii kuliko ya Callisto. Mdai na mdaiwa chumba kimoja, hakuna Ali wala maskini wa mbali. Kama mchezo wa kuigiza naiona dhaifu kidogo, maana inakimbilia suluhu, lakini kama jibu la swali lililoachwa wazi Mei 1996 ndiyo pekee inayolikabili. Ile ya msimu wa 5, "Fallen Angel", ambamo Xena anajitoa mwenyewe ili Callisto ageuzwe malaika, ni nzuri kwa macho na ilimaliza ugomvi wao, lakini deni linalohitaji mbingu kuingilia kati halitufundishi sana sisi ambao tutakutana na wadai wetu kwenye foleni ya daladala.

Mwaka jana nilimtumia mtoto wa shangazi yangu "Callisto" nzima. Yeye sasa ana watoto wanne na hana muda, akakaa nayo wiki mbili. Halafu usiku mmoja akanitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake mtoto analia na sufuria zinagongana.

"Kumbe alikuwa anauliza tu," akasema. Akanyamaza kidogo. "Hivi, ile ndoo ya mama mwenye nyumba tuliyoipasua kisimani tukamwambia imeibwa, ulishamwambia?"

Sijamwambia.